Maganda ya Gunia la Kwanza

Pretoria, 11 Februari 2024

Yaya Myriam,

Ninatumaini dereva wetu Kabasele amekukabidhi barua hii mkononi, si kwa kuirusha kupitia dirisha la lori injini ikiwa bado inanguruma, na kwamba unaisoma ukiwa umeketi, mbabula ya makaa imeshika moto na Mama amekwisha kunywa chai yake. Kabla ya mstari unaofuata, mpe salamu zangu. Mwambie unga wake wa muhogo niliupika hadi chembe ya mwisho, na kwamba hapa wanakula kitu kinachofanana na bukari, ugali wetu, lakini hakinifikishi nyumbani. Shemeji Modeste bado anakoroma kwenye ibada? Jémima bado anagombana na hesabu? Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kwa vitabu.

Unajua, dada yangu, kwa nini ninashikilia barua: kwenye simu tunagombana kabla hatujamaliza kusalimiana.

Sasa jambo lenyewe. Gunia la maganda ya muhogo ulilonitumia mwaka jana, lile ambalo wenzangu wa maabara walilicheka, limewanyamazisha. Niliyachoma maganda katika tanuru lisilo na hewa, nikayachanganya na potasi kali inayotoboa vitundu visivyoonekana kwa jicho, nikaongeza urea, mbolea ile ile ya wakulima, ili nitrojeni yake iingie ndani ya kaboni na kuibadilisha tabia. Kisha nikaosha kwa asidi na kwa maji ya moto. Kilichobaki ni unga mweusi. Kijiko kidogo cha unga huo, kama ungeweza kuzikunjua kuta za vitundu vyake vyote, kingetandika nusu ya uwanja wa mpira. Umeme hujibanza kwenye kuta hizo, na hutoka upesi unapoitwa. Kaboni yetu inahifadhi umeme kupita kaboni yoyote ya maganda niliyowahi kusoma habari zake.

Unaelewa maana yake? Dunia inatutoboa kwa ajili ya kobalti ya betri zake. Mimi nitaionyesha kwamba umeme unaweza kukaa katika kitu tunachowatupia mbuzi. Nimeipa tasnifu yangu jina hili: «Kaboni isiyohitaji kobalti». Nitaitetea mwezi wa Oktoba. Lakini katika sayansi tokeo lisilorudiwa halihesabiki, na profesa wangu hatasaini mpaka nirudie kila kitu kwa gunia la pili: muhogo ule ule, uwanja ule ule, mikono ile ile. Yaya, bila gunia hilo sina tasnifu.

Isalimie nyumba. Kila ninaposikia kwamba watu wa Kolwezi wanachimba mpaka ndani ya vyumba vyao vya kulala, ninakumbuka neno la Tata, marehemu baba yetu, na mkono ambao Modeste aliuinua mbele ya jeneza lake, akiapa kwamba hakuna sururu itakayoingia katika kiwanja chetu. Kuna familia ambazo bado zina heshima.

Mdogo wako ambaye hujawahi kumshinda kwa mabishano,
Stéphane Badibanga


Kolwezi, 24 Machi 2024

Stéphane, mudogo yangu,

Barua yako ilifika na alama ya grisi. Kabasele alingojea sana ku mpaka wa Kasumbalesa, anasema foleni ya malori ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe. Shi tuko bazima. Mama eko muzima, ni miguu tu inamuvimba. Jémima alimushinda baba yake ku mahesabu, sasa Modeste anasema mahesabu ya siku hizi si mahesabu. Nyaya za umeme wa Nzilo zinapita juu ya bati yetu kama zamani, na shi tunawasha mishumaa kama zamani. Ukimaliza huo umeme wako, anza na nyumba ya mama yako.

Nilimusomea Mama namna unavyofanya maganda. Alicheka mupaka akashika mbavu. Akasema: «Mutoto yangu alipita mipaka yote ile juu ya kuchoma makala ya kupikia? Bachoma makala ba Mutshatsha bangemufundisha bure, na bangemupa chakula.» Usikasirike. Aliweka barua yako mu Biblia.

Lakini mi nikuulize, Bwana Savant, we mwenye kusoma sana. Siku ile kobalti haitanunuliwa tena, hawa vijana bote bametoka Kasai na Kivu kuchimba hapa, batakula nini? Kaboni yako? We unaona jiwe, unasema ni adui. Mi naona bantu banapita asubuhi na magunia ku mabega, na jioni naona batoto babo banakula. Nionyeshe mu vitabu vyako mahali jambo hilo limeandikwa.

Basi. Gunia ya pili iko na Kabasele pamoja na hii barua. Safari hii nilifanya kazi ya heshima, juu wale wa maabara basitucheke tena. Muhogo ni wa shamba letu, kama ule wa kwanza. Maganda niliyaosha na maji ya bomba, tena na tena, nikayakausha ku lupango ya kanisa, mu uwanja yabo, juu ya mikeka mipya. Bamama ba chorale balikuwa banafukuza kuku. Mu lupango yetu vumbi ni mingi siku hizi.

Maneno ya Tata nimesoma. Tunayakumbuka.

Yaya wako,
Myriam Ntumba


Pretoria, 19 Mei 2024

Yaya Myriam,

Salamu kwa Mama na kwa miguu yake. Mwambie aiinue juu ya kiti anapokaa. Hongera kwa Jémima. Swali lako kuhusu vijana wa Kolwezi ni la haki, na nitalijibu, maana mtu asiyetofautisha riziki na mtego anastahili kujibiwa kwa urefu. Leo sina nafasi hiyo.

Gunia la pili limeniaibisha. Tanuru ni lile lile, potasi ile ile, urea ile ile, joto lile lile, mkono wangu ule ule. Kaboni iliyotoka ni ya kawaida kabisa, inahifadhi umeme kama kaboni ya maganda ya mtu yeyote. Nilirudia, nikarudia tena, kisha nikarudia mbele ya profesa. Alivua miwani, akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: «Bwana Badibanga, una hakika na lile gunia la kwanza?» Kwa lugha ya adabu ya watu hawa, hilo ni swali la kuuliza kama mimi ni mwongo.

Mimi si mwongo. Kwa hiyo kosa liko kwenye maganda, na maganda yalitoka kwako. Niambie ukweli, Yaya: uliyanunua sokoni? Ulichanganya na ya jirani ili gunia lijae upesi? Nilikuandikia wazi: uwanja ule ule, mikono ile ile. Sikuomba mikeka mipya wala kwaya. Ninyi nyumbani mnadhani kusaidia ni kufanya mnavyoona, na mtu aliye mbali ndiye anayelipa kwa jina lake.

Niandikie hatua kwa hatua jinsi gunia la kwanza lilivyotengenezwa. Mahali, siku, chombo, kila kitu. Oktoba haiko mbali. Mwezi wa Agosti maabara inafungwa kwa muda, nami nitakuja nyumbani nione kwa macho yangu.

Stéphane


Kolwezi, 2 Julai 2024

Stéphane,

Mama anakusalimia. Modeste anakusalimia. Jémima anakusalimia. Mi pia, juu ndivyo tulivyofundishwa.

Barua yako niliiweka siku nyingi bila kujibu. Modeste aliniuliza, «Mudogo wako anasema nini?» Nikamwambia unatusalimia wote vizuri. Kwa hiyo sasa kuna mwongo mumoja mu familia, na si wewe.

Muhogo sikununua. Nilichimba na jembe yangu, nikamenya na kisu yangu, kidole kina alama. Maji niliyatoa ku bomba ya kanisa, nikabeba ku kichwa. We unasema nilifanya uvivu, nikachanganya. Sawa. Umesoma, unajua.

Maganda ya kwanza nilikausha kwetu, mu lupango. Ni hiyo tu. Usiulize tena.

Agosti usikuje. Nyumba inatengenezwa, hakuna mahali pa kulala. Chumba cha Tata kimejaa bitu.

Myriam


Pretoria, 28 Julai 2024

Yaya Myriam,

Mwamkue Mama kwa niaba yangu, na mpe mkono Modeste, ikiwa mkono wake una nafasi.

Nitakueleza nilivyofikiri, kwa utaratibu, ili usiseme nimekuhukumu kwa hasira. Tangu mwanzo nilikuwa nikipima nitrojeni ndani ya kaboni yangu, kwa kuwa nitrojeni ndiyo niliyoitia na ndiyo niliyoitaka. Metali sikupima. Kwa nini nipime metali kwenye ganda la muhogo lililooshwa kwa asidi? Barua yako ya Julai, yenye maneno machache kuliko desturi yako, ndiyo iliyonifanya nichukue mabaki ya gunia la kwanza na kuyapeleka kwenye mashine inayotambua kila elementi.

Kobalti, Yaya. Kobalti nyingi, na shaba pamoja nayo. Asidi haikuitoa, kwa sababu katika moto wa tanuru kaboni iliifunika chembe kwa chembe, kama mtu anayefunika moto kwa majivu. Uwezo wote ule niliojivunia haukuwa wa nitrojeni yangu. «Kaboni isiyohitaji kobalti» ilikuwa ikifanya kazi kwa kobalti. Niliisoma karatasi ya mashine nikacheka peke yangu, hata mlinzi akaja kuangalia.

Kwanza nilimshuku Kabasele, kwa sababu lori lake hubeba madini. Lakini gunia la pili lilikuja na lori hilo hilo na halina kobalti. Muhogo ni wa shamba moja. Tofauti ni moja tu: la pili lilikauka kanisani, la kwanza lilikauka nyumbani kwetu. Na kobalti haianguki kutoka mbinguni na kutua kwenye uwanja wa mjane.

Hukutaka nije Agosti. Chumba cha Tata kimejaa «vitu». Mimi ninafundishwa kusoma vitu visivyoonekana, na wewe ulidhani sitasoma hili?

Mnachimba? Nijibu kwa neno moja. Mkono ulioinuliwa mbele ya jeneza la Tata ndio unaoshika sururu sasa?

Stéphane


Kolwezi, 8 Septemba 2024

Mudogo yangu,

Tunakusalimia sisi wote. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, Mama alitoka nje kunusa udongo. Jémima ameanza sekondari, anavaa viatu vyangu vya harusi, anasema ni fashion.

Ulitaka neno moja. Ndiyo. Sasa soma na mengine, juu neno moja haikutosha ku nyumba hii.

Siku ya Paska mwaka jana tulikuwa ku meza, Mama anaombea chakula. Chini ya miguu yake tukasikia: ko, ko, ko. Mama akasimamisha maombi. Modeste akasema, «Ni panya.» Mama akamuangalia: «Modeste, panya ya siku hizi inashika sururu?» Ilikuwa jirani wa nyuma. Alichimba mu chumba chake cha kulala, akafuata mushipa wa jiwe, na mushipa ukapita chini ya jiko letu. Modeste alienda kuongea na ule jirani na bachimbaji bake. Balimujibu kwa heshima kabisa: «Tata, kwenu hatukuingia. Lupango iko na mwisho huku juu. Kule chini hakuna lupango, kuko jiwe tu.» Kiisha ukuta wa jiko ukapasuka, unaingiza mukono.

Tungefanya nini? Kupeleka mashitaka? Kwa nani? Modeste alikaa siku nyingi bila kula vizuri. Alisema: ama banatoa kila kitu chini yetu na nyumba inaanguka bure, ama tunashuka tunakutana nabo, tunabafungia njia hapo hapo. Alichimba mu chumba cha Tata, juu pale ndipo mushipa unapita. Siku ya kwanza alilia, mi nilimuona. Mama alikaa ku mulango. Alisema neno moja tu: «Mutoe kwanza costume ya Tata.» Tukatoa costume, ile suti yake. Mugeni akikuja, tunarudisha kitanda juu ya shimo, tunatandika shuka.

Kwanza ilikuwa juu ya kubafungia. Kiisha jiwe likaonekana, na jiwe likionekana hakuna mutu anaacha. Huo ndio ukweli wako.

Jiwe tunalitandaza ku bâche, turubai ya plastiki, mu lupango likauke. Bâche ni moja. Jiwe likitoka, muhogo unaingia. Nilikuwa ninaikung'uta kwanza, usifikiri mi ni mwanamuke muchafu. Ndiyo maana juu ya gunia ya pili nilienda kanisani: niliogopa utaona vumbi. Nilikufanyia maganda safi, ukanitukana juu ya usafi.

Kwa nini sikusema? Ungeandika barua. Barua yako ingeziba shimo? Na usituambie tuhame. Mama walishamutoa mu mukoa huu mara moja, walisema Bakasai, bantu ba Kasai kama sisi, barudi kwao, akalala ku gare pamoja na Tata kungojea treni, mbele ya we kuzaliwa. Alirudi. Hatoki tena, hata nyumba ikiwa na tundu.

Sasa. Ulisema unataka gunia kama la kwanza. Ninakutumia. Nimekausha ku bâche ile ile, na sikuikung'uta sana. Pata diplôme yako. Lakini jina la avenue yetu usiandike, juu shimo yetu haina karatasi ya serikali.

Mama ametia unga wa muhogo ndani, umefungwa mu kitambaa ya bluu. Alitwanga mwenyewe, na miguu ile. Kila siku anauliza: ataula? Umuandikie.

Myriam


Pretoria, 3 Novemba 2024

Yaya,

Kurasa hizi zisome peke yako. Ukurasa wa mwisho, uliokunjwa kando, ndio wa Mama.

Gunia la tatu lilifika kabla ya siku yangu ya kutetea tasnifu. Nilichoma konzi moja tu ya maganda. Kaboni yake ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Ningeweza kunyamaza, na profesa angesaini kwa furaha. Sikunyamaza, maana hiyo ndiyo njia pekee ya kujivuna iliyobaki mikononi mwangu. Nililifuta jina la tasnifu, nikaandika kwamba uwezo wa kaboni hii unatokana na kobalti iliyoingia kwenye maganda wakati wa kuyakausha. Nikaandika Kolwezi. Avenue sikuiandika, wala kitanda, wala costume.

Walinipitisha, kwa alama ya wastani. Lakini hujasikia bado. Pale ambapo nilidhani wataniona mtu aliyeanguka, waliinua vichwa. Nitrojeni yangu haikuwashughulisha tena. Kobalti ndiyo iliyowachangamsha. Mmoja wao, mtu wa viwanda, alitabasamu akaniuliza: «Je, maganda ya namna hii yanaweza kupatikana kwa wingi?»

Nikamjibu: «Yanapatikana kwa wingi kuliko unavyofikiri.»

Aliliandika jibu langu. Ukumbi mzima, watu wenye elimu ya kutosha kujaza maktaba, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekula muhogo wenyewe. Mimi pia, Yaya, sikuwa nimejiuliza mpaka siku ile. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiangalia maganda.

Niliporudi chumbani nilifungua kitambaa cha bluu. Nilikaa na unga ule mbele yangu, na harufu yake ilikuwa ya jiko letu. Kisha nikapeleka kijiko kimoja kwenye mashine. Unajua nilichokiona, sina haja ya kukiandika, na wewe usiniulize kiasi. Mimi si daktari, siwezi kusema ni madhara gani. Ninaweza kusema kwamba kipo, na kwamba mnakila.

Kwa hiyo fanya haya, na safari hii hatua kwa hatua. Unga wote uliokaushwa kwenye bâche ile umwage mbali na kuku. Muhogo ukaushwe kanisani, kwenye mikeka yako, ile niliyoidharau. Mpeleke Mama na Jémima hospitali, mseme mnaishi na vumbi la madini. Modeste azibe njia aliyoikusudia kuziba, kisha atoke. Nitakuja Desemba. Siku hiyo msirudishe kitanda juu ya shimo. Mimi si mgeni.

Ulisema kuna mwongo mmoja katika familia. Sasa tuko wawili. Msomee Mama ukurasa unaofuata kwa sauti yako ya kawaida, na usimwangalie machoni.

Stéphane

*

Mama yangu,

Mwanao ni mzima na amemaliza masomo. Unga wako umenifikia, kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Niliupika siku ile ile, nikaula pamoja na mboga, na rafiki zangu wakaniomba nikawanyima. Ulikuwa mweupe na laini kama wa zamani. Nimeumaliza wote.

Usitwange mwingine mpaka nitakapokuja. Ipumzishe miguu yako.

Mwanao,
Stéphane